Binti Yetu na Baisikeli



Wasomaji wetu wa kila juma wajua kwamba sisi si watu wa gari. Tangu tulipoanza kazi ya ualimu, yapata miaka 27 sasa, safari ya skuli imekuwa ya baisikeli, kilomita sita kwenda na sita kurudi, na hapa Malindi mgeni akiulizia nyumba yetu huelekezwa kwa sauti ya kengele kabla ya jina. Juma lililopita akina mama watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walituletea suali moja: je, ni kweli Maalim amemruhusu bintiye apande baisikeli kwenda skuli? Ni kweli. Na kwa kuwa suali lenyewe lilikwisha kuzunguka mitaa miwili kabla ya kutufikia, twaona heri tulijibu hapa, penye macho ya wote, kuliko kulijibu mlango kwa mlango.

Kwanza tuizungumze baisikeli yenyewe, kwani wengi waisemayo hawajapata kuishi nayo.

Baada ya sala ya Alfajiri na kikombe cha chai ya tangawizi, twaitoa ukumbini, maana usiku hulala ndani kama mtoto. Kanzu hukunjwa ikafungwa nyuma pamoja na vitabu, na mwilini twavaa suruali na shati, kwa kuwa kanzu na mnyororo havijapata kupatana tangu baisikeli iingie pwani hii. Mama watoto ana kanzu zake mbili, alizotushonea kwa mkono, ambazo huzitaja kwa sauti ya mtu anayewakumbuka marehemu. Njiani twasalimiana na muuza mahamri, na wavuvi watokao baharini, na watoto wanaokimbia kutuwahi ili wasiandikwe wachelewaji. Mwalimu apitaye kwa gari hawaoni hawa. Sisi twajua tangu njiani nani hakunywa chai na nani viatu vimempasukia.

Skuli yetu iko upande wa kusini wa mji. Kwa hivyo miezi ya kusi hutufundisha subira: asubuhi twapiga pedali dhidi ya upepo, na jioni upepo uo huo hutusukuma hadi nyumbani kama mzazi amsukumaye mtoto akalale. Ifikapo kaskazi mambo hugeuka, twaenda kwa raha na kurudi kwa jasho. Masika ni habari nyingine kabisa, na hatutaieleza, tusije tukawakatisha tamaa wanaotaka kununua baisikeli.

Jioni ndipo ilipo furaha. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka mitano, hutungojea penye mkungu wa pembeni, na hapo hupandishwa juu ya chuma cha mbele, penye kipande cha godoro tulichokifunga kwa kamba, akaingia nyumbani akipiga kengele kama bwana harusi. Jumamosi baada ya chuo cha Qur'ani baisikeli hupinduliwa uani, magurudumu juu. Kijana wetu wa kiume hushika kitambaa na mafuta, mdogo huzungusha pedali, na mama yao hukaa juu ya mkeka akikuna nazi na kutoa amri ambazo fundi yeyote angezistahi. Pancha tukiipata twaitafuta wenyewe: tyubu huzamishwa ndani ya beseni la maji, na mwenye kuona kipovu cha kwanza ndiye anayeachiwa ukoko wa wali siku hiyo. Watu hutumia fedha nyingi kutafuta burudani ya familia. Yetu imo ndani ya beseni.

Sasa tuje kwa binti.

Mkubwa wetu ana umri wa miaka kumi na mitano na amejiunga na sekondari ya kutwa iliyo kilomita tano kutoka nyumbani, upande usio wetu, kwa hivyo hatuwezi kumpakia. Kwa miguu ni zaidi ya saa nzima, na kwa jua la saa nane mchana msichana hufika nyumbani hana nguvu ya kufungua daftari. Tukajaribu bodaboda. Shilingi 50 kwenda, 50 kurudi. Piga hesabu pamoja nasi: 500 kwa juma, na kwa muhula wa majuma 13 ni shilingi 6,500. Baisikeli ya kike iliyokwisha tumika, ile isiyokuwa na chuma cha katikati, tuliipata kwa shilingi 7,000. Mwalimu hahitaji kuelezwa hesabu ya namna hii mara mbili. Tena kuna nyumba ambazo hesabu hii haifanywi kwa baisikeli wala kwa bodaboda: nauli ikikosekana siku tatu mfululizo, msichana hubaki nyumbani, kisha hubaki moja kwa moja, na mwakani twasikia ameposwa. Tumewaona wanafunzi wetu wa kike wakitoweka hivyo, mmoja mmoja, na hakuna barazani aliyeuliza.

Lakini alipopanda baisikeli, baraza ikauliza.

Mzee mmoja, rafiki yetu wa miaka mingi, alituambia kwa upole kwamba haya ni tawi la imani, na kwamba msichana juu ya baisikeli hutazamwa na kila apitaye. Tulimsikiliza hadi mwisho, kwani mtu mzima humalizishwa maneno yake. Kisha tukamuuliza: huyu binti alipokuwa akipanda pikipiki, amekaa nyuma ya mwanamume asiye maharimu wake, goti kwa nyonga, na mkono wake ukishika shati la yule kijana kila penye shimo, je, hukumwona? Alimwona. Sote tulimwona, mwaka mzima, na pwani yote huwaona mabinti wa watu hivyo asubuhi na jioni, na hakuna aliyetaja haya. Leo amekaa peke yake, juu ya kiti chake, amevaa hijabu yake na suruali pana chini ya sare, na mbele yake na nyuma yake hakuna mtu, ndipo haya ikakumbukwa! Tukiambiwa tuchague kati ya viti hivyo viwili kwa mizani ya sharia, hatuoni la kutufanya tusite.

Wala kupanda kwa mwanamke si jambo lililozuka jana. Katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi ambamo Mtume, rehema na amani zimshukie, anawasifu wanawake wema wa Kikureshi kuwa ni wabora miongoni mwa wanawake wapandao ngamia, kwa huruma yao kwa watoto na uangalifu wao kwa mali ya waume. Wapandao ngamia, walitajwa kwa sifa hiyo, na haikuwa aibu. Na Abu Daud amepokea habari ya Mtume kushindana mbio na Bibi Aisha safarini. Mara ya kwanza bibi akamshinda, na baadaye, mwili wake ulipokuwa mzito, Mtume akamshinda na akamtania kwamba hii ni kwa ile. Hii ni nyumba iliyocheza. Ama wale waliotutolea mifano ya nchi takatifu, wajue kwamba huko Saudia wanawake wameruhusiwa kuendesha magari tangu Juni 2018.

Kuna khofu ya pili, ambayo haisemwi barazani bali hunong'onwa jikoni, nasi twaitaja kwa staha kwa sababu akina mama ndio wasomaji wetu na ni haki yao kupata jibu. Huogopwa kwamba baisikeli yaweza kumwondolea msichana ubikira wake, na siku ya ndoa mtoto asiye na hatia akadhaniwa vibaya. Matabibu wamekwisha kusema wazi: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitangaza kwamba hakuna uchunguzi wa mwili uwezao kuthibitisha kama mwanamke amekutana na mwanamume au la. Maumbile ya wasichana hutofautiana tangu kuzaliwa. Na wanazuoni wetu walikuwa mbele yao katika upande wa hukumu. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa kwetu pwani tangu enzi za mababu, asema kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwamba ubikira ukiondoka bila ya tendo, kama vile kwa kuanguka, hauna athari yoyote: binti huyo angali bikira kisharia, na ridhaa yake katika nikahi hutafutwa kama itafutwavyo ya bikira. Miaka zaidi ya mia saba imepita tangu maneno hayo yaandikwe. Mama amwogopeshaye bintiye kwa jambo hili amwogopesha kwa kitu ambacho sharia yake mwenyewe imekwisha kukiondolea uzito.

Khofu ambayo sisi twaikubali, na ambayo ajabu ni kwamba hakuna aliyetuuliza, ni ya barabara. Barabara kuu iendayo Mombasa haina huruma kwa mwendesha baisikeli. Malori hupita yakivuta upepo unaoyumbisha usukani, matatu husimama ghafla, na pikipiki hutokea upande wowote ziutakao. Hapa ndipo mzazi akeshe. Kwa hivyo tuliweka masharti, na binti akayakubali mengine na kuyapinga mengine, hadi tukaafikiana. Hapiti barabara kuu isipokuwa kuivuka, na kuivuka ni kwa miguu, baisikeli mkononi. Hufuata njia za ndani, japo zina mchanga. Huwa amefika nyumbani kabla ya Alasiri kwisha. Breki hukaguliwa kila asubuhi na mkono wake, si wetu. Gurudumu la nyuma tumelizungushia wavu wa kamba, kazi ya mvuvi jirani, ili nguo isinaswe. Sharti alilolipinga ni la kusindikizwa na ndugu yake mdogo. Alisema mdogo wake ndiye atakayehitaji kusindikizwa, na mama yake akacheka, na sharti likafa palepale.

Kujifunza kwenyewe kulichukua Jumapili nne, katika uwanja mtupu, baada ya jua kupoa. Aliyeshika kiti nyuma na kukimbia hakuwa sisi, pumzi yetu haikutosha. Alikuwa mama yake, kajifunga leso kiunoni juu ya buibui, akikimbia na kupiga kelele, "Tazama mbele, mwanangu, usitazame gurudumu!" Jumapili ya tatu aliachia bila ya kusema, na binti akaenda hatua kama thalathini kabla hajatambua. Alipotambua akaanguka. Goti lilichubuka kidogo, likapakwa dawa, na kesho yake hadithi ya hatua thalathini ilikuwa imekwisha kuwa mia.

Likizo iliyopita tulikwenda naye Gede, kilomita kama 16, sisi wawili kwa baisikeli tukiondoka mapema, mama na wadogo wakifuata kwa matatu na kapu la chakula. Twajua familia nyingi za Malindi ambazo watoto wao hawajauona mji ule isipokuwa vitabuni, ilhali wageni hutoka Ulaya kuja kuutazama. Tuliingia kati ya magofu, chini ya miti mikubwa, kima wakitunyemelea kapu. Watoto waliona visima, msikiti mkuu, na nyumba ya kifalme. Penye kaburi lililoandikwa mwaka, 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia, tulimwambia kijana atoe mwaka huo katika mwaka wetu wa Hijria, kwa kichwa, bila ya kalamu. Jibu lilipita 640. Akauliza kama watu wa pale walikuwa na baisikeli. Dada yake akamwambia walikuwa na majahazi, na kwamba sahani za Kichina zilizochimbuliwa pale hazikuja kwa miguu.

Kurudi, kusi lilikuwa nyuma yetu. Binti alitupita karibu na njia panda na hakungoja.

Kilichobaki sasa ni kile kibati kinachofunika mnyororo, ambacho baisikeli yake haikuja nacho. Fundi ametuahidi kutuletea Jumatano. Mama watoto amemwambia alete viwili.