Shahada ya maendeleo ianzie halmashauri

Kijana aliyemaliza kidato cha sita na sasa anafikiria kusomea maendeleo ya kimataifa anaingia kwenye fani ambayo mfadhili wake mkubwa amefunga milango. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisitisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Kufikia Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika lililoundwa mwaka 1961, lilikuwa limekoma, na shughuli zake chache zilizosalia zimehamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Mzazi akisikia hayo atamwambia mwanawe achague uhasibu au ualimu, na hatakuwa amekosea sana. Hata hivyo, naamini shahada hii bado inafaa kusomwa, ila kwa mpango mwingine: anayeisoma aanze na fedha za umma, yaani kodi, deni na bajeti ya halmashauri, ndipo apande kwenda Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia.

Mpango uliozoeleka ni kinyume cha huo. Mwanafunzi husoma nadharia, hukariri malengo 17 ya maendeleo endelevu, hujifunza kuandika andiko la mradi, kisha husubiri asasi yenye mfadhili imwite kwenye usaili. Stadi hizo zilikuwa na soko kwa sababu Washington au London kulikuwa na mtu wa kulisoma andiko hilo. Lakini hata enzi za neema, mishahara ya walimu na wauguzi wa serikali ilipitia hazina, na hazina hujazwa zaidi na kodi na mikopo. Tazama Kenya. Deni la dola bilioni 2 lililotokana na hatifungani ilizouza kimataifa mwaka 2014 lilikuwa linaiva Juni 2024. Februari mwaka huo serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine, kwa riba inayokaribia asilimia 10, ili kulipunguza. Miezi michache baadaye ukaja Muswada wa Fedha, uliopendekeza pamoja na mengine kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate. Vijana waliuchambua mtandaoni kifungu kwa kifungu, wengine kwa lugha za makwao, kisha wakaingia barabarani. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Uhusiano kati ya mnunuzi wa hatifungani aliye ng'ambo na bei ya mkate dukani Nakuru ni suala la maendeleo ya kimataifa hasa, na hakuna andiko la mradi litakalolieleza.

Tanzania mfano upo karibu zaidi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 serikali iliisitisha mikopo hiyo baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyojulikana vilipo, na mwaka 2024 ikairejesha kwa utaratibu uliorekebishwa. Hapo kuna maswali ya kumtosha mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kikundi cha bodaboda kinaposhindwa kurejesha, tatizo ni soko, ni muda wa marejesho, au ni mkopo uliotolewa kama zawadi ya uchaguzi? Kwa nini halmashauri moja inakusanya madeni yake na jirani yake haikusanyi? Ripoti za CAG hutoka kila mwaka na ziko wazi kwa yeyote. Atakayekwenda mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya afisa maendeleo ya jamii au afisa mipango wa wilaya atayaona majalada yenyewe, na atakuwa amejifunza kuliko mwenzake aliyehangaika hadi akapata meza ya kukaa katika asasi ya Masaki, Dar es Salaam. Kazi ya afisa maendeleo ya jamii haina mvuto kwenye mazungumzo ya vijana, najua. Kukimbilia mvuto ndiko kulikowafanya wengi wapange shahada nzima kwa ajili ya mwajiri mmoja, yaani asasi yenye mfadhili.

Wapo watakaosema mpango huu unageuza elimu ya fikra pana kuwa mafunzo ya ukarani, na pingamizi lao lina historia nzito. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha taasisi yake ya taaluma za maendeleo mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha hapo, kutoa kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kizazi kile kilitaka msomi ajiulize nchi yake imefikaje ilipo, na swali hilo halijachakaa. Lakini mfungue Rodney uone: mishahara ya wachimba migodi, faida za Unilever, bei alizolipwa mkulima. Alisoma hesabu za kampuni ndipo akazishambulia. Tena Unilever haiko mbali na habari hii, kwa kuwa kampuni yake tanzu, United Africa Company, ndiyo iliyoipelekea serikali ya Uingereza mwaka 1946 wazo la kulima karanga Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947 kwa lengo la zaidi ya ekari milioni 3. Ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kiasi cha kuvunja majembe ya trekta, na Ugogo, eneo ilipo Kongwa, ulijulikana kwa ukame tangu zamani. Mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Ajabu ni kwamba kiongozi wa ujumbe uliokagua maeneo hakuwa mgeni. Aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika hiyohiyo. Haraka ya London ya kupata mafuta ya kupikia baada ya vita ilizidi nguvu takwimu za mvua. Kwa hiyo nadharia ya nani ana nguvu juu ya nani inahitajika, na takwimu za mvua zinahitajika vilevile.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: wengi huchagua fani hii kwa sababu hisabati iliwashinda. Basi wajue inawafuata hukohuko. Utafiti wa dawa za minyoo katika shule za msingi za Busia, Kenya, uliochapishwa na Edward Miguel na Michael Kremer mwaka 2004, ulichangia kampeni za kimataifa za kuwapa watoto dawa hizo, na Kremer akawa mmoja wa washindi watatu wa Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Baadaye watafiti wengine walizipitia upya takwimu zilezile na kubishana vikali kuhusu uzito wa matokeo yake. Watoto walikuwa wa Busia, ubishi ukaendeshwa zaidi Ulaya na Marekani. Mhitimu wetu asiyeweza kusoma jedwali la takwimu ataendelea kuupata ubishi wa namna hiyo kama habari ya gazetini.

La mwisho ni mtaala. Kozi nyingi za lazima zimeshapangwa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana pa kuzibadilisha. Bado anabaki na masomo ya hiari, mafunzo kwa vitendo, mada ya utafiti wa mwisho na lugha. Kifaransa, kwa mfano, kinamfungulia Kongo na Burundi, ambako Kiswahili chake pia kitamfaa. Nafasi hizo zinatofautiana zaidi kati ya chuo na chuo kuliko majina ya shahada zao yanavyoonyesha. Kabla ya kupanga chaguo la kwanza na la pili kwenye maombi ya udahili, aombe orodha ya masomo ya hiari ya miaka yote mitatu, aulize kama idara ya uchumi au uhasibu hupokea wanafunzi wa maendeleo darasani, na aulize wahitimu wa mwaka uliopita walifanya mafunzo kwa vitendo wapi. Chuo kisichoweza kumjibu hilo la tatu kishuke kwenye orodha yake.