Msinitumie faili ya GB 40, tafadhali

Nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya hifadhidata wiki hii, lakini itangoja. Leo nina hasira, na zikipoa najua sitaandika.

Kuna duka la vifaa vya ujenzi mjini Malindi ninalolihudumia. Keshia wao, binti wa watu, alikuwa akikatwa mshahara kwa sababu kila jioni hesabu ya kompyuta ilizidi pesa zilizomo kwenye droo. Akaapa hajagusa hata shilingi. Mimi nikashuku programu: mtandao ukizubaa inatuma risiti ile ile mara ya pili, na seva inaandika mauzo mawili. Wenye programu, kampuni ya mbali, wakataka ushahidi. Fundi wao akaingia kwenye seva kutoka huko aliko, akawasha tcpdump bila kichujio wala kikomo, faili moja, akaenda zake.

Baada ya siku moja faili ilikuwa GB 40, maana kamera za ulinzi nazo zinapita waya huo huo. Nikapanda matatu kutoka Kilifi, kilomita 60 hivi, flash diski mfukoni. Flash ile ni ya FAT32, haipokei faili inayofika GB 4. Nikampigia fundi. “Ikate kwa split -b 2GB, bwana, utume.” Nikakata, vipande 20, nikavituma usiku kucha. Kipande cha 7 kikafika nusu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Amri ya split haijui pakiti ni nini, inahesabu baiti tu. Faili ya pcap ina kichwa cha baiti 24 mwanzoni, na kila pakiti ina kichwa chake kidogo kinachosema urefu wake. Ukikata kwa baiti, kipande cha kwanza kinaondoka na kichwa, vingine 19 ni nyama isiyojulikana ni ya samaki gani. Wireshark haivifungui. Ukiviunganisha kwa cat bila kile cha 7 kamili, msomaji anapoteza hesabu ya urefu papo hapo, na vyote vinavyofuata ni takataka. GB 26 zimekwenda na maji kwa ajili ya GB moja.

Hapo Ngomeni, walikorushia setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, hakuna mtu wa kumfundisha jambo hili. Data ya setilaiti hushuka kwa fremu, kila fremu na alama yake ya mwanzo, ili moja ikipotea nyingine zisife nayo. Sisi wa madukani tumeshindwa nini?

Najua mtakaloniambia: diski ni rahisi siku hizi, rekodi kila kitu, utakata baadaye kwa editcap -c. Sawa, editcap inakata kwenye mpaka wa pakiti na kila kipande kinapata kichwa. Lakini inabidi kwanza uwe na faili nzima, na uisome yote. Stima ikipotea katikati, au diski ikijaa na kuangusha seva yenyewe, utakata nini? Tresi ikatwe inaporekodiwa.

tcpdump yenyewe inaweza, miaka mingi tu. Weka kichujio cha anwani ya seva, kisha -G 1800 na jina la faili lenye saa ndani yake, upate faili mpya kila nusu saa. Za zamani zifute kwa cron. Au -C 100 -W 200: faili 200 za MB 100 hivi zinazozunguka, mpya ikifuta kuukuu. (Kwenye Debian ikikataa kufungua faili ya pili, ongeza -Z root.) Kwa strace tumia -ff, kila mchakato na faili yake, pamoja na -ttt ili uweze kuziunganisha kwa strace-log-merge. LTTng ina --tracefile-size na --tracefile-count.

Mzunguko una gharama, sikatai. Usiposimamisha mapema, kosa lako linafutwa, na mazungumzo mengine yataanzia faili moja yaishie nyingine. Ndiyo kazi ya mergecap hiyo: chukua mbili, unganisha, soma.

Nikarudi Malindi nikawasha upya kwa -G 1800. Siku ya tatu keshia akanipigia: risiti ya saa tano na dakika kumi imeingia mara mbili. Nikachukua faili moja, MB 6, ikatoshea kwenye barua pepe. Ombi lile lile, mara mbili, sekunde 30 kati yake. Tajiri wa duka akaiona kwa macho yake. Mshahara wa miezi miwili umerudishwa. Wa mwezi wa kwanza bado anaufikiria.