Mtoto ana malaria, sukari inapimwa ya nini?

Swali hili huulizwa sana na wazazi, Kasulu na Kibondo. Umemfikisha mtoto kituoni amelegea kwa homa, kapimwa malaria, kisha mhudumu anamtoboa kidole tena apime sukari. Mama anang'aka: mwanangu hana kisukari!

Kinachotafutwa hapo ni sukari iliyoshuka. Malaria kali humaliza sukari mwilini, na mtoto ambaye hajala tangu jana hana akiba. Ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, ni hatari: degedege, hata kupoteza fahamu. Na huko nyumbani kuna atakayesema amerogwa.

Kile kimashine kinajuaje? Kwenye stripi kumepakwa kimeng'enya. Kikikutana na sukari ya damu hutoa elektroni, yaani umeme kidogo mno. Sukari ikiwa nyingi, umeme huongezeka. Chipu ya silikoni, ndugu ya ile iliyomo kwenye simu uliyoshika, hupima umeme huo na kuupigia hesabu hadi ikapatikana namba. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na umeme lilitolewa Marekani mwaka 1962 na Leland Clark na Champ Lyons.

Tatizo liko kwenye hesabu. Imepangwa kwa damu ya kawaida, na malaria hupunguza damu. Seli nyekundu zikiwa chache, mashine nyingi husoma sukari juu kuliko ilivyo, ingawa baadhi ya mpya hujirekebisha. Basi namba iliyopita mpaka kidogo tu isikutulize. Mwambie mhudumu kama viganja vimepauka, mtoto alikula lini, na kama amekataa kunyonya.

Halafu vidole. Mtoto aliyekuwa akilamba asali au kumenya ndizi mbivu, sukari ya kidoleni huingia kwenye kipimo. Pamba ya spiriti pekee haitoshi. Aoshwe kwa maji na sabuni, akaushwe. Kuomba hivyo si utovu wa adabu. Kwa mwenye kimashine nyumbani, kopo la stripi lifungwe mara moja, kwani unyevu wa masika huziharibu.

Mkiwa njiani, anayeweza kunyonya aendelee kunyonyeshwa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, hata maji ya sukari, maana yatampalia.