KAZI YA MATANGAZO NA RIZIKI YA HALALI

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu wa Masasi na Newala, wapo vijana wetu wanaoajiriwa na makampuni makubwa ya matangazo jijini Dar es Salaam, na wazazi wao hutujia baada ya swala wakiuliza: je, fedha anazotutumia mtoto za kuezekea nyumba ni halali?

Tunasema, asili ya kazi hii ni halali. Kunadi bidhaa njema kwa maneno ya kweli si dhambi, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifanya biashara, akajulikana kwa uaminifu. Kijana hupata kipato kisichongoja msimu wa korosho, na hujifunza kuandika, kuchora na kuzungumza na umma, ujuzi ambao daawa yetu inauhitaji mno.

Lakini madhara yamo katika ukubwa huohuo wa kampuni. Fundi anayeandika vibao vya maduka Newala aweza kumkataa mwenye kilabu cha pombe. Mwajiriwa wa kampuni kubwa hachagui mteja: leo sabuni, kesho bia, keshokutwa kamari ya kubashiri mechi, inayomaliza fedha za wadogo zake huku nyumbani. Wala hawezi kujitetea kwamba alitumwa tu, kwani Qur'an (5:2) imekataza kusaidiana katika dhambi.

Hata bidhaa ya halali ina mtihani wake. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa ghushi hiyo (Muslim). Wakulima wetu wanalielewa hilo: korosho zenye unyevu zilizofichwa katikati ya gunia hubainika ghalani. Tangazo linalosifia juu na kuficha chini ni gunia hilohilo.

Nasaha yetu ni hii: kabla ya kutia saini, kijana aombe kwa maandishi asipangiwe kazi za pombe, riba na kamari. Akikubaliwa, amshukuru Allah na afanye kazi kwa ihsani. Akikataliwa, aondoke. Nasi tunaomlaumu mimbarini tusimwache peke yake. Shule, maduka na misikiti yetu inahitaji waandishi na wachoraji. Basi tumpe kazi na tumlipe ujira wake kamili, badala ya kumwambia kila mara ajitolee fii sabilillahi.

Wabillahi tawfiq.