Kalsiamu Kwanza, DNA Baadaye

Mwaka 1970 Morton Mandel na Akiko Higa wa Chuo Kikuu cha Hawaii walichapisha makala fupi kuhusu bakteria wa E. coli na DNA ya virusi viwili, P2 na lambda. Walionyesha kwamba bakteria hao wakitayarishwa kwa kloridi ya kalsiamu hupokea DNA tupu ya kirusi, bila ganda wala mkia wake, kisha huunda virusi kamili. Kabla ya hapo E. coli walikuwa wakaidi: ili wapokee DNA ya lambda, ilibidi waambukizwe pia kirusi kingine cha kusaidia. Mwaka 1972 Stanley Cohen na wenzake wa Stanford waliingiza plasmidi kwa njia hiyo ya kalsiamu, na mwaka uliofuata uhandisi wa jeni ukaanza.

Sifa zimewaendea vimeng'enya vinavyokata na kuunga DNA. Kwa maoni yetu, kalsiamu imepunjwa.

DNA ina chaji hasi, na uso wa bakteria vilevile, kwa hiyo husukumana. Ioni za kalsiamu, zenye chaji chanya, huingia kati na kupunguza msukumano huo. Mrija wenye seli na DNA hukaa kwenye barafu, kisha huhamishiwa ghafla kwenye maji ya nyuzi 42 kwa sekunde 90 au pungufu, na kurudishwa barafuni. DNA inavukaje utando hasa? Wataalamu wangali wakibishana.

Uzuri wa DNA ya kirusi ni kwamba matokeo yake yanahesabika kwa macho. Kesho yake, katika utandu wa bakteria uliofunika sahani, kila doa angavu la mviringo huwa limeanzia kwenye seli moja iliyopokea DNA. Hata bakteria asiye na kipokezi kinachoshikwa na mkia wa lambda huambukizwa kwa njia hii. Kumbe kinga yake ilikuwa mlangoni tu. Na haya yote yanawezekana katika maabara isiyo na mashine ya kufungua seli kwa umeme, mradi ipo barafu.

Ndiyo sababu tumetanguliza mbinu katika toleo hili la jarida. Makala nyingi husema tu kwamba seli zilitayarishwa kwa kalsiamu, basi. Je, zilivunwa zingali zikikua kwa kasi, au zimeshachoka? Zilikaa barafuni kwa muda gani? Zilitikiswa kwa nguvu, ilhali zikishatiwa kalsiamu huwa dhaifu? DNA ya lambda, yenye jozi 48,502 za besi, haiingii kwa wepesi wa ile ya kirusi M13, isiyofikia hata 7,000. Msomaji asiyeelezwa hayo atajuaje kama madoa 10 badala ya 1,000 yametokana na DNA yenyewe au na barafu iliyoyeyuka mapema?

Kuanzia sasa, makala isiyotaja hatua ya ukuaji wa seli, kipimo cha kalsiamu na muda wa kila hatua itarudishwa kwa mwandishi, hata matokeo yake yakivutia namna gani.