Kazi ya Ng'ambo Isitufanye Watawa

Msomaji wa pwani ambaye hajapata kufika Mukumu huenda akalisikia jina hilo na asijue ni wapi. Mukumu iko kusini kidogo ya mji wa Kakamega, kando ya barabara iendayo Kisumu, katika nchi ya Waisukha. Ni mahali pa misheni ya Kikatoliki: pana kanisa kubwa, shule ya wavulana na ya wasichana, Hospitali ya Mtakatifu Elizabeth na chuo cha kufunzia wauguzi. Mapadri wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa Uingereza, waliifungua misheni hiyo mwaka 1906, na baadaye wakafuatwa na masista wa Ursula kutoka Uholanzi.

Kwa nini nimewapeleka wasomaji Waislamu mpaka misheni? Kwa sababu pana jambo moja la watu hao linalofaa kuzingatiwa. Walitoka ng'ambo kuja kufanya kazi, na hapana aliyeuliza watoto wao watasoma wapi wala wake zao watakaa na nani, maana hawakuwa nao. Walikuwa wameapa, kwa hiari yao, kutooa na kutoolewa.

Leo safari imegeuka. Vyuo kama hicho cha Mukumu hufunza wauguzi, na wauguzi wa Kenya hutafutwa ng'ambo. Julai 2021 serikali ya Kenya na ile ya Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwapeleka kule. Lakini hawa wanaoondoka leo hawakula kiapo chochote. Wana waume, wana wake, wana watoto wanaoanza kutembea. Na maoni yangu ni kwamba kazi nyingi za ng'ambo, ingawa hazisemi hivyo waziwazi, zinawataka waishi kama watawa.

Tutazame mfano wa Uingereza. Februari 2022 nchi hiyo iliwafungulia mlango watunza wazee kutoka nje, na wakati huo mtu aliweza kwenda na mume au mke na watoto wake. Tarehe 11 Machi 2024 kanuni ikabadilika: mtunza wazee anayeomba upya akakatazwa kuja na familia. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wenyewe ukafungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Muuguzi mwenye cheti yeye hakuguswa na katazo hilo, ila familia yake hutakiwa kuonyesha akiba ya pauni 285 kwa mume au mke, 315 kwa mtoto wa kwanza, na 200 kwa kila mtoto mwingine, isipokuwa mwajiri akikubali kuwadhamini. Ada ya viza nayo hutolewa kwa kila kichwa. Kwa hiyo, katika nyumba moja ya kutunzia wazee, mfanyakazi mmoja hurudi jioni kwa watoto wake, na mwenzake hurudi kwenye simu.

Sisi wa pwani tusidhani kuwa hayo ni ya watu wa bara peke yao. Arabuni ndiko wanakokwenda vijana wetu wengi, na huko nako familia hupimwa kwa mshahara. Katika Falme za Kiarabu mtu hawezi kumdhamini mkewe mpaka mshahara wake ufike dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Mlinzi wa mlango au mfagiaji atazipata wapi? Na mtumishi wa nyumbani ndiye hasa mwenye kuonewa huruma: hulala kwa tajiri, akawaogesha na kuwalisha watoto wa watu, na hali wake mwenyewe amewaachia bibi yao.

Wazee wetu walijua namna nyingine ya kusafiri. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Wanga, kwa Nabongo Mumia, ambako nako ni Kakamega hiyo hiyo. Baadhi yao walioa na kukaa, na Uislamu wa Mumias una mizizi yake humo. Sisemi kwamba kila mmoja aliitunza vyema nyumba aliyoiacha pwani. Nasema kwamba kazi ya mbali haikuwazuia kuwa na familia huko walikofika. Tena, Sultani Qaboos alipotawala Oman mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, wengi waliotoka Unguja na kwingineko Afrika ya Mashariki walikwenda na wake na watoto wao. Ndiyo sababu hata leo, Maskati, Kiswahili kinasikika majumbani. Aendaye peke yake hupeleka mikono tu; aendaye na watu wake hupeleka na lugha, na malezi, na dua za jioni.

Najua atakuwapo wa kunijibu kwamba mkono mtupu haulambwi. Ni kweli. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walileta nyumbani karibu dola bilioni 5, na katika fedha hizo zimo karo za shule, dawa za wazee na mabati ya nyumba. Sidharau hata shilingi moja yake. Wala sisemi kwamba kuchukua familia ni rahisi: kodi ya nyumba kule ni kubwa, baridi ni kali, na mtoto huweza kurudi hawezi kumwamkia nyanya yake. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Fedha ya mzazi hulipa mwalimu. Haiwezi kuwa mzazi.

Dini yetu haina utawa wa kuwakimbia mke na watoto. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar alimwuliza bintiye Hafsa ni muda gani mwanamke huweza kustahimili kutengana na mumewe, kisha akaamuru askari wake wasizidishwe muda huo: miezi minne, na wengine husema sita. Ikiwa jihadi iliwekewa mpaka, je, mkataba wa miaka miwili wa kufagia sakafu?

Kwa hiyo nawashauri wanaotaka kusafiri, kabla hawajatia sahihi, waulize mambo matatu. Je, viza hii inaruhusu mume au mke na watoto? Kama hairuhusu, likizo ni baada ya muda gani, na nauli ni ya nani? Na nani, kwa jina, atakayewalea watoto hao? Wakala asiyeweza kujibu swali la kwanza asipewe hata senti. Nayo serikali, inapokaa mezani kupatana na nchi za nje, isihesabu vichwa vya wafanyakazi na mishahara tu. Idai pia haki ya mke na mtoto kufuata.

Wale wa Mukumu wa zamani walichagua wenyewe kuishi bila familia. Mtu hapaswi kulazimishwa na mwajiri kiapo ambacho hakukila.