Jino Limeshauawa, Mbona Bado Linauma?

Kuna kitu nilificha wiki saba na leo nakisema hadharani: jino langu lililotolewa neva lilikuwa bado linauma, na nilikuwa naambia kila mtu limepona.

Kwa wale hawajui stori, mwaka jana nilikuwa stejini nikingoja gari ya Rongai, mahindi choma mkononi. Nikauma, nikasikia ka! Gego la juu, upande wa kushoto, lile lilikuwa na shimo nililolipuuza tangu sekondari. Usiku huo sikulala. Daktari wa meno akasema njia ni mbili: kung'oa, ama kusafisha mzizi. Kusafisha ilikuwa bei. Mathe akakopa kwa chama, akalipa, na hata hakuniuliza maswali mengi. Alisema tu, "Wewe bado ni kijana, usianze kutembea na mapengo."

Sasa ungekuwa wewe. Mathe analipa loni ya chama kidogo kidogo, na kila jioni anakuuliza, "Jino likoje?" Utasema nini? Mimi nilisema, "Liko poa." Halafu naingia chumbani nameza Brufen.

Acha kwanza tuelewane vile hii kitu hufanya kazi, juu wengi wetu tunadhani jino likitolewa neva linakuwa kama jiwe. Ndani ya jino kuna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu, na kinashuka hadi mizizini kupitia mifereji myembamba sana. Kiini kikioza, daktari anatoboa jino kutoka juu, anatoa uozo, anasafisha mifereji yote, anaijaza na kitu kama mpira, kisha anaziba. Lakini mzizi wa jino umekaa ndani ya mfupa, na umezungukwa na utando wenye neva zake. Hizo hakuna mtu amezitoa. Ndio maana jino lisilo na neva ndani bado linaweza kuuma ukilitafunia. Pale chini kumechokorwa, kumevimba kidogo, kunahitaji muda.

Kwa hivyo ndio, kuuma baada ya matibabu ni kawaida. Lakini kawaida iko na mwisho. Maumivu yanafaa yapungue siku baada ya siku, na baada ya wiki moja ama mbili uwe umesahau kwamba uko na jino hilo. Yangu yalipungua siku nne, kisha yakarudi. Chai moto ndiyo ilikuwa adui mkubwa. Nikipiga funda moja, jino linaanza kudunda kama spika ya matatu, na linaendelea hata nikishameza.

Nilipiga simu kliniki wiki ya 3. Wakasema, "Hiyo ni kawaida, itaisha." Wiki ya 5 wakasema ninunue antibayotiki. Na mimi, kijana wa mdomo mrefu mtandaoni, mwenye hubishana na watu wazima juu ya siasa, nikasema asante na nikakata simu.

Hapo ndipo shida yetu iko. Tumelelewa na neno moja: jikaze. Ukianguka, jikaze. Ukiachwa, jikaze. Hadi tukalipa utani, jikaze kisabuni. Na kwa mambo mengine inasaidia, siwadanganyi. Lakini jino halijui kujikaza. Kama kuna bakteria wamebaki mle ndani, wataendelea kula taratibu hadi mfupa, wewe ukiendelea kuwa shujaa.

Na kuna aibu nyingine mbaya zaidi, aibu ya shukrani. Mtu akikulipia kitu kwa shida, unaona ukisema hakikufanya kazi ni kama unamtukana. Nilikuwa nalinda roho ya mathe kwa uongo. Nilijiambia ni heshima. Ilikuwa woga.

Mathe alinishika kwa njia rahisi. Aliona chai yangu ya maziwa imepoa hadi imeota ngozi juu, siku tatu mfululizo. Akaniangalia, akasema, "Fungua mdomo." Nikamwambia ukweli wote. Nilidhani atavunjika moyo. Akavaa leso yake, akasema, "Mimi nililipa jino lipone. Kama halijapona, kazi yao haijaisha. Twende."

Tulianza kwa daktari mwingine, atuambie kitu gani kinaendelea. Huyu aliuliza maswali kabla ya kushika chombo chochote. Inauma ukitafuna ama ukinywa kitu? Moto ama baridi? Inachukua muda gani kuisha? Akagonga hilo jino, akagonga na majirani zake, akapima fizi, akapiga eksirei mbili kutoka pembe tofauti. Niliposema chai moto, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba gego la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi lina mifereji minne. Huo wa nne ni mdogo mno na hujificha karibu na mwenzake ndani ya mzizi mmoja. Wangu haukuguswa. Neva ilikuwa bado imo humo, inaoza polepole.

Wiki saba za kujikaza, juu ya mfereji mmoja mwembamba.

Sasa sikilizeni vizuri, sisemi kila jino likiuma ni daktari ameharibu. Sababu ni nyingi. Wakati mwingine kuziba kumekaa juu kidogo, kila ukiuma jino hilo ndilo linapigwa kwanza, na dawa yake ni kusawazisha tu dakika chache. Wakati mwingine kuziba kwa muda kumevuja, juu ulikaa nako miezi ukingoja pesa ya kofia ya jino. Wakati mwingine jino limepata ufa. Wakati mwingine mwenye makosa ni jino la jirani, misuli ya taya, ama hata sainasi. Na kuna watu neva zenyewe zimechanganyikiwa, zinatuma maumivu hata kama jino liko sawa. Hata daktari mzuri anaweza kukosa mfereji, maana anafanya kazi gizani, ndani ya tundu ambalo ni dogo kuliko ncha ya kalamu.

Lakini mtu anayekwambia "ni kawaida" kwa simu, wiki ya 5, bila kuangalia, huyo hajui ni sababu gani kati ya hizo. Hilo ndilo lalamiko langu. Simlaumu kwa kukosa mfereji. Namlaumu kwa kukataa kuangalia.

Na hizo antibayotiki? Kama shida iko ndani ya mfereji, dawa haifiki pale vizuri, juu jino lililokufa halina damu ya kuibeba. Itatuliza kidogo, halafu mambo yanarudi palepale. Antibayotiki zina kazi yake maambukizi yakisambaa, na daktari ndiye anapima hiyo. Na tafadhali, hiyo ya kuweka aspirini juu ya ufizi wacheni. Inachoma nyama.

Najua kuna mwenye atasema, "Si ungeng'oa tu?" Kuna wakati kung'oa ndio jibu, kwa mfano mzizi ukipasuka kabisa. Sio dhambi. Lakini ukiacha pengo, meno ya kando huanza kuinama, la upande wa pili linasogea kuelekea pengo, na kuweka jino bandia la maana ni gharama nyingine. Ng'oa kwa sababu umepimwa na ukaelezwa. Using'oe kwa sababu umechoka kuumia kimyakimya.

Nilirudia matibabu kwa mtaalamu wa mizizi ya meno, mwenye hadubini. Mathe naye alirudi kliniki ya kwanza na zile eksirei, akakaa pale mapokezi asubuhi nzima bila kelele. Walirudisha nusu ya pesa. Sijui angefanya nini saa nane mchana ingefika bila jibu, lakini najua hangeenda nyumbani.

Kwa hivyo haya ndiyo nataka tuanze kufanya. Kabla hujatoka kwa kiti, uliza: umepata mifereji mingapi? Hii ya kuziba ni ya muda ama ya kudumu? Nitaumwa siku ngapi? Ikizidi hapo nirudi lini? Omba nakala ya eksirei yako. Kabla hata ya kukaa kwa hicho kiti, angalia kama daktari amesajiliwa na KMPDC. Hiyo ni haki yako, sio kiburi. Na ukiona uso umefura, joto limepanda, mdomo haufunguki, ama kumeza na kupumua kumekuwa kazi, usingoje kesho. Enda hospitali usiku huo huo.

Na madaktari wetu, semeni ukweli mapema. Ukiniambia "kuna uwezekano isifaulu, ikiuma baada ya wiki mbili rudi nikuangalie," sitakudharau. Nitakuamini zaidi.

Sai nakunywa chai ikiwa moto, upande ninaotaka. Lakini kuna mtu anasoma hii saa tisa usiku, simu kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika shavu, na kesho akiulizwa atasema liko poa. Buda, sista, haliko poa. Mwambie aliyekulipia. Halafu rudi kwa daktari.